Safari ya Meli Imefutwa: Uchukue Hela Zako au Vocha?

Barua pepe ya kufuta safari hufanana karibu kwa kampuni zote za meli za kitalii. Aya ya kwanza ni ya pole. Ya pili inatangaza vocha ya asilimia 125 ya nauli, utakayoitumia kwa safari nyingine. Kurudishiwa fedha kunatajwa chini zaidi, pamoja na kiungo cha kukupeleka kwenye fomu. Na katikati ya maneno hayo kuna sentensi inayozidi zote kwa uzito: usipojibu kufikia tarehe fulani, utahesabiwa kuwa umechagua vocha.

Anza na sentensi hiyo kabla ya kusoma kitu kingine. Andika tarehe ya mwisho, saa ya mwisho, na saa hizo ni za wapi, kwa sababu makao makuu ya kampuni yanaweza kuwa nyuma au mbele yako kwa saa nyingi. Ukijaza fomu ya kudai fedha, piga picha ya skrini ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya uthibitisho. Fomu nyingi za aina hii hazikutumii nakala ya ulichojaza, na bila ile picha huna cha kuonyesha siku mfumo utakapodai kwamba hukujibu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Fedha ndiyo chaguo la kuanzia, na vocha ndiyo inayopaswa kujitetea kwa hesabu. Ukichukua vocha unaikopesha kampuni bila riba na bila dhamana, kwa masharti iliyoyaandika yenyewe. Wakati mwingine mkopo huo una faida, na nitaeleza ni lini. Lakini huwezi kujua kabla hujapiga hesabu, na ile asilimia 125 si hesabu.

Hii desturi ya asilimia 125 ilienea sana Machi 2020, meli zilipotia nanga dunia nzima kwa sababu ya janga la korona. Tarehe 13 Machi mwaka huo chama cha kampuni za meli za kitalii, CLIA, kilitangaza kusimamisha safari kutoka bandari za Marekani. Kampuni zikabaki na meli zisizoingiza senti huku mabaharia, mafuta na madeni vikiendelea kudai. Kila abiria aliyekubali vocha aliiachia kampuni fedha ambazo vinginevyo zingetoka wiki zilezile. Asilimia 25 ya nyongeza ilikuwa bei ya kukushawishi uziache. Hata leo, safari inapofutwa kwa sababu ya injini, matengenezo yaliyochelewa au meli kuhamishiwa njia nyingine, mantiki ya nyongeza ni ileile.

Nani amefuta?

Hili linaamua karibu kila kitu. Kampuni ikifuta, unadai ulicholipa chote. Ukifuta wewe, unaingia kwenye jedwali la makato lililo ndani ya mkataba: kwanza unapoteza malipo ya awali, kisha nusu ya nauli, kisha robo tatu, na katika wiki za mwisho nauli yote. Ndiyo maana kosa la gharama kubwa kuliko yote ni abiria kusikia tetesi kwamba safari itafutwa, akawahi kufuta mwenyewe. Kampuni inafuta siku chache baadaye, wenzake wanarudishiwa chote, yeye amebaki na makato au na vocha ya kupozwa.

Ukihisi safari yako haitafanyika, angalia kama bado inauzwa. Tarehe inapoondolewa kwenye mauzo huku safari za kabla na baada yake zikiendelea kuuzwa, mara nyingi barua iko njiani. Subiri. Panapobana ni pale siku ya kulipa salio la mwisho inapofika kabla ya tangazo. Kwa kampuni nyingi siku hiyo ni miezi miwili hadi minne kabla ya kuondoka. Hapo omba kwa maandishi kusogezewa tarehe ya malipo. Wakikataa, mara nyingi ni salama zaidi kuhamisha nafasi yako kwenye safari nyingine ya kampuni hiyohiyo kuliko kufuta. Lakini uliza kwanza kama malipo ya awali yanahama nayo, na kama ukishahama utakuwa umepoteza haki ya kudai fedha pale safari ya kwanza itakapofutwa. Kwa kawaida ndivyo inavyokuwa.

Kubadilishwa bandari si kufutwa. Mikataba karibu yote inairuhusu kampuni kuruka bandari, kugeuza mpangilio au kukaa baharini siku nzima, na unachopata ni ada za bandari iliyorukwa tu.

Sheria inasema nini

Inategemea meli inaondokea wapi na wewe uliuziwa wapi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Marekani wanaangalia bandari ya kuondokea. Meli yenye nafasi za kulala abiria 50 au zaidi inayopakia abiria katika bandari ya Marekani iko chini ya Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Majini, inayojulikana kwa kifupi cha FMC. Kanuni iliyoanza kutumika Aprili 2022 ilimaliza ubishi wa muda mrefu: safari ikifutwa, au abiria wakicheleweshwa kupanda kwa siku 3 za kalenda au zaidi, hiyo ni huduma ambayo haikutolewa, na abiria asiyetaka safari mbadala ana haki ya fedha zake. Uraia wako hauhusiki hapo.

Umoja wa Ulaya na Uingereza wanaangalia mahali kifurushi kilipouzwa. Safari ya meli yenye usafiri na malazi pamoja huhesabiwa kuwa kifurushi cha utalii. Kwa Agizo la Ulaya namba 2015/2302, na kwa kanuni za Uingereza za 2018 zinazofanana nalo, mwandaaji akifuta anatakiwa kurudisha fedha ndani ya siku 14. Vocha anaweza kuipendekeza, hawezi kukulazimisha. Mei 2020, katikati ya janga, Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo lake kuhusu vocha, na hata wakati huo ilisisitiza kwamba abiria achague kwa hiari yake, vocha idumu angalau miezi 12, na isipotumika fedha zirudi. Ukiletewa vocha isiyo na kipengele hicho cha mwisho, linganisha na kiwango hicho kabla ya kubonyeza chochote. Na palipo na sheria hizi, badiliko kubwa la safari, si kufutwa pekee, linakupa haki ya kujitoa bila makato.

Nje ya maeneo hayo kuna mkataba wako, na kuna tamko la haki za abiria ambalo wanachama wa CLIA walilikubali mwaka 2013: fedha zote safari inapofutwa kwa hitilafu ya mitambo, na sehemu ya fedha inapokatizwa katikati kwa sababu hiyohiyo. Limeandikwa kwa ajili ya hitilafu za mitambo, hivyo usilitegemee kwa kimbunga au mgomo wa bandari.

Asilimia 125 ya kitu gani?

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu.

Chukua chumba cha watu wawili kilicholipiwa dola 4,600. Fungua uthibitisho wa malipo, usiangalie jumla tu. Utakuta nauli dola 3,600, kodi na ada za bandari 420, bakshishi iliyolipwa mapema 280, na vifurushi vya vinywaji pamoja na matembezi ya nchi kavu 300. Kwa kawaida nyongeza huhesabiwa kwenye nauli peke yake. Vinginevyo vyote vinarudi kama fedha hata ukichagua vocha. Kwa hiyo hukupewa chaguo kati ya 4,600 na 5,750. Umepewa chaguo kati ya fedha 4,600 upande mmoja, na fedha 1,000 pamoja na vocha ya 4,500 upande wa pili. Nyongeza ni dola 900.

Sasa tafuta safari unayoitaka kweli: muda uleule, daraja lilelile la chumba, msimu uleule. Tuseme mwaka ujao kampuni hiyo inaiuza nauli 4,300. Vocha inailipa yote na kubaki 200. Kama masharti yanasema salio linapotea, nyongeza yako imeshuka hadi 700 kabla hujapanda meli. Kisha angalia kampuni nyingine, au ofa za kampuni hiyohiyo ambazo wenye vocha hawaruhusiwi kuzichanganya. Tuseme unapata safari inayolingana kwa 3,700. Mwenye fedha analipa 3,700. Mwenye vocha ameacha fedha 3,600 ili apate kitu kilekile. Faida iliyobaki ni dola 100, na kwa ajili ya hiyo amefunga dola 3,600 kwa mwaka mzima au zaidi kwenye kampuni moja.

Hesabu hiyo haitoki hivyo kila mara. Kuna wakati bei hazijapanda, ofa zinachanganyika na vocha, salio linabaki, na dola 900 ni 900 kamili. Ninachosisitiza ni utaratibu wa kukokotoa: gawa malipo, tafuta safari mbadala halisi yenye tarehe, linganisha na bei ya chini anayoweza kuipata mtu mwenye fedha mkononi. Tofauti kati ya bei hiyo na nauli uliyolipa mwanzo ndiyo thamani ya nyongeza. Mimi nikikuta iko chini ya asilimia 10 ya nauli, siichukui vocha, hata kampuni iwe nzuri namna gani.

Masharti yanayoila vocha

Kwanza tarehe. Vocha huwa na tarehe mbili, na watu husoma moja. Kuna tarehe ya mwisho ya kuweka nafasi na kuna tarehe ya mwisho ya kusafiri. Vocha inayosema inaisha Desemba inaweza kumaanisha uwe umeweka nafasi kufikia Desemba kwa safari ya wakati wowote, au uwe umeshashuka melini kufikia Desemba. Kwa mtu mwenye likizo moja kwa mwaka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasafiri. Kama barua haiko wazi, uliza, na jibu liwe la maandishi. Aliyekujibu kwenye simu hatakuwepo siku ya kubishana.

Pili, sehemu mbili za vocha. Kampuni nyingi hutoa vocha ya msingi, yaani ile asilimia 100, na vocha ya nyongeza, ile 25, kila moja na namba yake. Ya nyongeza mara nyingi huisha mapema zaidi, haitumiki kwa malipo ya awali, na haigeuki kuwa fedha kwa hali yoyote. Hata pale masharti yanaporuhusu kubadili vocha kuwa fedha baada ya muda kuisha, kinachobadilishwa ni ile ya msingi.

Tatu, majina. Fedha zinarudi kwa aliyelipa. Vocha inatolewa kwa jina la kila abiria aliyekuwa chumbani. Baba akiwalipia watoto wake wakubwa na wenzi wao vyumba vitatu, halafu familia ikachagua vocha, yeye hana tena hela zake: zimegawanyika kwa watu sita, na kila mmoja anaweza kusafiri atakapo au asisafiri kabisa. Nyingi haziruhusu kumhamishia mwingine, na nyingine zinaruhusu mara moja tu. Ndoa zikivunjika au mtu akifariki, hapo ndipo sharti hili linapouma. Kama mlipaji ni mmoja na wasafiri ni wengi, hoja hii peke yake inatosha kwangu kuchagua fedha.

Nne, kufuta kwa mara ya pili. Umeweka nafasi mpya kwa vocha, kisha wewe ndiye umeugua na kufuta. Makato ya kawaida yanaikata vocha, na kinachobaki kinarudi kama vocha yenye tarehe ya mwisho ya zamani. Ikiwa tarehe hiyo imeshapita wakati unafuta, kampuni nyingine hazirudishi kitu. Na kampuni ikifuta ile safari ya pili, utarudishiwa fedha kwa ulichoongeza tu. Kilicholipwa kwa vocha kinarudi kuwa vocha. Abiria wa 2020 na 2021 walizungushwa hivi tena na tena: safari moja, vocha, safari nyingine, vocha mpya, hadi haki ya fedha ya mwanzo ikawa haionekani tena.

Mengine ya kuangalia kwa haraka: kama vocha inalipia kodi na ada za bandari (mara nyingi hailipii), kama inatumika kwenye kampuni dada zilizo chini ya mmiliki mmoja, kama inafaa kwa meli iliyokodiwa na kundi, na kama inakaa yenyewe kwenye akaunti yako au lazima utaje namba unapoweka nafasi.

Kampuni ikianguka

Hili watu hulikwepa kwa sababu meli ni kubwa na inaonekana haiwezi kutoweka. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Julai 2020. Pullmantur ya Hispania iliomba ulinzi wa mahakama mwezi mmoja kabla. Crystal Cruises, jina lililoheshimika sana kwa safari za kifahari, liliyumba Januari 2022 baada ya kampuni mama, Genting Hong Kong, kuomba kufilisiwa. Meli ya Crystal Symphony iligeuzwa njia kwenda Bimini, kisiwa cha Bahamas, badala ya Miami, ambako ilikuwa inasubiriwa na amri ya kukamatwa kwa deni la mafuta. Chapa hiyo imefufuliwa na mmiliki mpya, lakini waliokuwa na vocha na malipo ya awali wakati inaanguka walijikuta kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana. Februari 2024 ikafuata American Queen Voyages, iliyofunga shughuli zote.

Katika foleni ya ufilisi, benki zenye rehani kwenye meli hutangulia, na vocha haina rehani yoyote. Kuna kinga kadhaa, lakini kila moja ina mpaka wake. Kampuni zilizo chini ya FMC zinatakiwa kuweka dhamana ya kurudisha malipo ya abiria, na ni kutoka dhamana ya namna hiyo abiria wa American Queen Voyages walielekezwa kudai. Dhamana hizo zina kikomo kwa kila kampuni. Uingereza, ATOL, mpango wa kulinda fedha za wasafiri, inalinda vifurushi vyenye ndege ndani yake, na dhamana za ABTA, chama cha mawakala wa usafiri, zinalinda vifurushi vya wanachama wake visivyo na ndege. Swali la kuuliza ni moja: je, kinga iliyokuwa kwenye malipo yangu ya mwanzo inaifuata vocha, nyongeza ikiwemo? Usipopata ndiyo iliyoandikwa, hesabu kwamba haiifuati.

Ishara za hatari zinaonekana kwa mtu yeyote: kampuni inayofuta misimu mizima badala ya safari moja moja, inayouza meli bila kununua nyingine, inayolipa marejesho kwa awamu. Life at Sea, iliyouza safari ya miaka 3 kuzunguka dunia, ilifuta Novemba 2023 bila kuwahi kupata meli, ikawaahidi abiria kuwalipa kwa awamu. Kampuni inayoomba kukulipa kidogo kidogo inakuambia kwamba fedha zako haziko benki tena. Usipokee vocha ya kampuni kama hiyo kwa nyongeza yoyote ile.

Ukichagua fedha, zinarudije

Hazirudi kwa mkupuo. Nauli inaweza kuja siku moja, kodi na ada siku nyingine, matembezi siku ya tatu, kwa sababu ziliuzwa na mifumo tofauti. Tengeneza jedwali dogo: kiasi kilicholipwa, tarehe, kadi, kiasi kilichorudi. Bila jedwali hutagundua kwamba bakshishi ya dola 280 haikurudi. Na bakshishi pamoja na vifurushi vya vinywaji ndivyo husahaulika sana.

Fedha hurudi kwenye kadi iliyolipia. Kadi ikiwa imeisha muda lakini akaunti ipo, kwa kawaida zinaingia. Akaunti ikiwa imefungwa, ipigie benki simu kabla ya kujaza fomu, uliza malipo yanayoingia huwekwa wapi. Ulicholipa kwa kadi ya zawadi au kwa vocha ya zamani hakigeuki kuwa fedha. Na kama ulilipa kwa sarafu tofauti na ya akaunti yako, utarudishiwa kiasi kilekile cha sarafu ya kampuni kwa kiwango cha siku ya kurudi. Tofauti inaweza kukuumiza au kukufaa, na kampuni haiwajibiki nayo.

Ulipitia kwa wakala? Angalia taarifa ya kadi: jina lililoandikwa pale ndilo lililopokea hela, na ndilo litakalorudisha. Likiwa la kampuni ya meli, wakala ni mjumbe tu. Likiwa la wakala, kampuni itamrudishia yeye kwanza, na hapo huchelewa. Mawakala wengine hukata ada yao ya huduma, ambayo haimo kwenye haki zako dhidi ya kampuni. Wakala mzuri atakupigania, lakini kumbuka kwamba vocha inakurudisha kwake kununua tena, na fedha inaweza kukupeleka popote.

Ndege na hoteli ulizonunua mwenyewe hazimo kwenye marejesho, hata kama safari ndiyo ilikuwa sababu ya kuzinunua. Kwa hizo unategemea bima au masharti ya shirika la ndege.

Kuhusu bima kuna mtego unaostahili aya yake. Ukipokea vocha, kampuni nyingi za bima huhesabu kwamba umeshafidiwa, na dai la nauli linakufa hapo, hata kama baadaye vocha itaisha bila kutumika. Uliza bima kwanza, ndipo ubonyeze. Ulinzi dhidi ya kufilisika kwa kampuni nao una masharti yake: mikataba mingi inataka uwe umenunua bima ndani ya siku chache baada ya malipo ya kwanza, aghalabu 14 hadi 21, na kamwe si baada ya habari za kuanguka kutoka.

Lini vocha inashinda

Inashinda unapokuwa na safari maalumu, kampuni hiyohiyo, tarehe iliyo ndani ya muda kwa nafasi ya kutosha, bei uliyoikagua leo, na unaweza kuweka nafasi wiki hii hii. Vocha inayotumika mara moja ina hatari ndogo. Inayokaa ndiyo inayooza. Inashinda pia pale ulipofuta wewe, kwa sababu hapo huchagui kati ya vocha na fedha, unachagua kati ya vocha na makato. Vivyo hivyo kwa chumba ulichopewa bure, mfano zawadi ya kasino, ambacho hakina fedha ya kurudisha.

Kuna ofa mbili ambazo sizihesabu kuwa vocha za kawaida. Moja ni fedha zote pamoja na vocha ndogo juu yake: chukua bila kusita, hujaacha kitu. Nyingine ni kuhamishiwa safari kama hiyo ya mwaka ujao kwa bei ya zamani, ambayo hutolewa hasa meli inapokodiwa yote na kundi jingine. Bei zikiwa zimepanda sana, uhamisho huo hupita vocha ya 125 kwa mbali. Hakikisha tu kwamba bei inayolindwa ni ya chumba cha daraja lilelile, na kwamba punguzo na zawadi za mwanzo zinahama pamoja nayo.

Fedha zisipokuja

Weka tarehe mbili kwenye kalenda siku unayojaza fomu: siku kampuni iliyoahidi kulipa, na siku dirisha la benki litakapofungwa. Kwa kadi za Visa na Mastercard, dirisha la kupinga malipo ya huduma isiyotolewa kwa kawaida ni siku 120, nyingi zikihesabiwa tangu tarehe ambayo safari ingefanyika. Kampuni inayokuambia "subiri kidogo" mara ya tatu inakula siku hizo, iwe kwa makusudi au la.

Lakini usiwahi kupita kiasi. Ukifungua pingamizi benki wakati marejesho yako tayari kwenye foleni, kampuni itasimamisha yale marejesho hadi pingamizi liishe, na utangoja zaidi. Na kamwe usifungue pingamizi ukiwa umeshapokea vocha. Kampuni itaonyesha kwamba ulikubali mbadala, na benki itafunga jalada. Utaratibu unaofaa ni kungoja siku iliyoahidiwa ipite, kuandika barua pepe moja fupi, kutoa siku 7, kisha kwenda benki na vielelezo vinne: uthibitisho wa nafasi, tangazo la kufutwa, picha ya fomu uliyochagua fedha, na hiyo barua pepe ya mwisho.

Barua pepe yenyewe isizidi mistari michache: "Safari namba fulani, ya tarehe fulani, ilifutwa nanyi tarehe fulani. Nilichagua kurudishiwa fedha tarehe fulani, uthibitisho namba fulani. Kiasi kilicholipwa ni hiki, kilichorudi ni hiki, kinachobaki ni hiki. Sikubali vocha badala ya fedha. Nisipolipwa kufikia tarehe fulani nitapeleka dai benki." Usieleze machungu yako humo. Anayesoma anatafuta namba.

Walioko Uingereza wana njia ya ziada. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji, kwa huduma yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama ulilipia kwa kadi malipo ya awali tu. Haitumiki kwa kadi ya kawaida ya benki, na inaweza kukwama kama fedha zilipitia kwa wakala, kwa kuwa uhusiano wa moja kwa moja kati yako, benki na kampuni ya meli umekatika. Kwa Marekani, sheria ya malipo ya kadi za mkopo inatoa siku 60 za kupinga kwa maandishi tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa, na safari zinazolipiwa miezi mingi mapema huupita muda huo kirahisi. Hapo ndipo zile siku 120 za mitandao ya kadi zinapofaa. Safari iliyokodiwa na waandaaji wa tamasha au kongamano ni suala jingine tena: mkataba wako ni na waandaaji hao, na kuidai kampuni ya meli ni kupoteza siku zako za dirisha.